Jina Nililokataa Kulitaja Ubalozini

Nchi niliyoishi na mume wangu miaka yote hii siitaji hapa, na mtu asinilazimishe. Watu wake walitaka nitaje jina ambalo mdomo wangu haukupaswa kulitaja, nikakataa, wakaninyima viza. Basi na mimi la kwao nawanyima. Tutaiita nchi ile, yatosha. Nimetoka huko wiki hii mbio mbio, mimi na binti yangu Tupoki, mume wangu ametangulia, kuja kumzika baba mkwe wangu, na hadi naandika haya mkono unaniuma kwa jinsi mawifi walivyonivuta pale msibani Uyole. Kabla ya jeneza kufungwa watu walipanga mstari wa kuaga. Jeneza liko uwanjani chini ya turubai, limefunguliwa upande wa uso, kwaya inaimba, akina mama wanapita wanalia. Mimi nimejifunika kitenge kichwani, nimesimama pembeni, natazama migomba. "Wifi, twende ukamwone," wakaniambia. "Ameshakufa huyo, mwiko umeisha." Nikawaambia siendi. Wakavuta. Nikakaza miguu. Mmoja akasema nyuma yangu, wala hakushusha sauti, "Huyu Mhehe mpaka leo kichwa kigumu." Mpaka leo, ndiyo. Alitaka kilainikie wapi?

Tupoki amezaliwa kule na Kiswahili chake kinachechemea, lakini maswali anayajua. Akaninong'oneza, "Mama, kwa hiyo babu humjui sura?" Nikamwambia simjui. "Hata kwenye picha?" Nikamwambia picha baba yako anazo, sijawahi kuomba kuziona. Akanitazama kama mtu aliyegundua mama yake alikuwa jela. Nikaona huyu lazima nimweleze, na kama nitamweleza yeye, bora niandike, maana nimechoka kuonekana mjinga kwa habari ya mwaka ule. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na akili zangu timamu na nilikuwa na hasira, na vyote viwili ninavyo bado.

Kwa wasiojua: Wanyakyusa walioshika mambo yao, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mke wa mwana hamtazami mkwe usoni, hali naye, akisikia mzee anakuja njia hii yeye anapita ile, na jina lake halitaji kabisa. Si ugomvi. Naye mzee anakukwepa wewe vilevile, anakohoa kabla hajaingia uwani ili upate nafasi ya kuondoka. Wengi wameacha, siku hizi wanapiga selfi na wakwe zao, hayo ni yao. Mimi ni Mhehe wa Ilula, sikuzaliwa na mambo haya, na mume wangu Ambakisye aliponieleza wakati wa uchumba nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tulifunga ndoa Iringa mjini, kanisani, na baba yake alikuwepo. Alikaa benchi la mwisho, akala ukumbini upande wa pili wa pazia, na picha alizopigwa yeye mimi simo, nilizopigwa mimi yeye hayumo. Sikuona shida. Muda si mrefu Ambakisye akaondoka kwenda nchi ile, alikopata kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee, na mimi nikahamia kwa wazazi wake Uyole kusubiri viza ya kumfuata. Tulidhani ni jambo la wiki chache. Nilifungasha sweta moja tu, na Uyole jinsi inavyojua baridi!

Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta ziliishia juu kidogo ya mkono wa mtu mrefu, na juu yake ni mbao na bati, kwa hiyo neno likisemwa sebuleni linatambaa juu ya ukuta linakuangukia kitandani. Chumba changu kilipakana na sebule, na upande wa pili wa ukuta wangu ndipo kilipokuwa kiti cha baba mkwe, na redio yake, na buti zake za shamba akizivua: moja, kimya kidogo, ya pili. Nilimjua kwa hivyo. Nilijua kikohozi chake cha kuingia na kikohozi chake cha kutoka. Nilijua anapenda chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikabadilika rangi, kwa kuwa niliipika mimi jiko la nje, mama mkwe akaipeleka, na baadaye nikasikia anavyoivuta kwa sauti. Mwanzoni alizungumza na mkewe Kinyakyusa, na mimi nilikuwa naambulia neno hapa neno pale. Halafu siku moja akahamia Kiswahili. Mama mkwe alishangaa, akamjibu Kinyakyusa. Yeye akaendelea na Kiswahili chake, taratibu, sauti juu kidogo: "Mama Ambakisye, mahindi ya kule bondeni yamekomaa, mtu akitaka ya kuchoma akachume." Mtu! Nyumba nzima tulikuwa watu watatu. Mama na meno yake yale mahindi ya kuchoma alishayaaga zamani. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu, na kesho yake nikaenda kuchuma.

Tangu hapo tukawa tunazungumza. Yeye anamwambia mama, mimi nasikia. Mimi namwambia mama jikoni, mama anakwenda kusema. Wakati mwingine mama anachoka anasema, "Si amesikia mwenyewe, nirudie ya nini?" lakini anarudia. Mwezi wa mvua kubwa nikaugua taifodi, nikalala siku nyingi, chakula kikawa kama mchanga mdomoni. Nikamsikia mzee upande wa pili: "Amekula?" Mama akajibu bado. "Basi na changu kirudishe jikoni." Mama akamkemea, kwamba wewe ni mtu mzima, una vidonda vya tumbo, unafanya nini. Akasema, "Akila yeye, nitakula." Nilidhani ni maneno tu. Jioni nikasikia tumbo lake linanguruma ng'ambo ya ukuta, wallahi, linanguruma kama la ng'ombe, na redio ameisogeza mpaka imegusa ukuta ili nisikie taarabu aliyokuwa haipendi. Nikamwita mama, nikamwambia niletee uji. Niliunywa huku nalia, kwa sauti ya kijiko ili asikie. Mtu huyu sijamwona hata ukucha, na hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo. Mume wangu mwenyewe hajawahi kulala njaa kwa ajili yangu, namwambia mpaka leo, anacheka.

Niliitwa kwenye mahojiano nikiwa bado sijarudisha mwili. Dar es Salaam, joto, chumba chenye kioo, na nyuma ya kioo afisa kijana amevaa shati la bluu. Hakujua Kiswahili. Pembeni yake alikaa mkalimani, dada wa mjini mwenye kucha nzuri, na kila alilosema afisa lilipitia kwa dada, na kila nililosema mimi likarudi njia hiyohiyo. Mwanzo nilijibu vizuri. Mume wako anapenda kula nini? Ndizi za kupika na maharage. Analala upande gani wa kitanda? Ukutani. Akafungua albamu ya harusi, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. "Anauliza baba wa mume wako ni yupi," dada akasema. Nikasema hayumo. Kwa nini hayumo? Nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Dada akatafsiri, nadhani alifupisha, maana mimi niliongea sana na yeye akasema maneno mawili matatu. Afisa akaniuliza jina la huyo baba. Nikasema liko kwenye fomu, mume wangu alijaza. "Anasema anakuuliza wewe."

"Najua jina lake. Silitaji."

"Dada yangu," mkalimani akaacha kutafsiri, akaniinamia kwenye kioo, "mimi mwenyewe Mtanzania, nakuonea huruma. Sema tu hilo jina utoke hapa. Nani atakusikia?"

Nilifungua mdomo. Siwezi kusema sikufungua. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa jina lile, ndege na kitanda na maisha yetu vyote vilikuwa huko, na jina lenyewe ni fupi. Halafu nikamwona yule afisa anavyonitazama, amejiegemeza kitini, kalamu inacheza, anasubiri kuona kama nitavunjika. Nikafunga mdomo. Nikasema, "Mwambie silitaji." Akaandika kitu. Majibu yalinikuta bado niko Dar, yalisema hawakuridhika kwamba ndoa yetu ni ya kweli, kwa kuwa mwombaji anadai kuishi na familia ya mume lakini ameshindwa kumtambua baba wa familia hiyo. Ameshindwa! Neno hilo ndilo lililonichoma kuliko kunyimwa kwenyewe. Mimi sikushindwa, nilikataa.

Ambakisye alipiga simu, sauti inakatika na kurudi. "Yustina, ungesema tu. Baba yuko Uyole, angesikiaje?" Nikamwambia ningesikia mimi. Akakasirika, na Ambakisye si mtu wa kukasirika. Akasema anarudi kutoka kazini anakuta chumba kitupu, anakula mkate na chai kama mgonjwa, na mimi naleta habari za mila ambazo hata si za kwenu. Kisha akasema lile lililonilaza macho: "Kwa hiyo unamchagua baba yangu kuliko mimi?" Nikamwambia nawataka wote wawili, wanaotaka nichague ni hao, kawagombeze hao. Akakata simu. Au mtandao ulikata, hatujawahi kukubaliana mpaka leo. Siku kadhaa hakupiga, na mimi kwa ubishi wangu sikupiga, na kila nikipita kwenye kioo nilijiona mke aliyeolewa na simu.

Sikurudi moja kwa moja Uyole. Niliteremka Ilula kwa dada yangu Veronika, anayeuza nyanya barabarani, nikakaa naye kwenye kibanda chake. Veronika hana kubembeleza. Basi likisimama anakimbia na ndoo, likiondoka anarudi kunimalizia kunigomba palepale alipoishia. "Jina la mkwe lina nini, lina miiba?" Basi. "Sisi Wahehe hayo hayatuhusu, unajifanya Mnyakyusa kuliko Wanyakyusa." Basi jingine. "Mwanaume yuko Ulaya peke yake, akipata mwingine huko utamlilia nani?" Nikamwacha amalize. Halafu nikamweleza habari ya uji, na lile tumbo lililonguruma ng'ambo ya ukuta. Basi likapiga honi, wenzake wakakimbia, yeye akabaki amesimama na ndoo. "Hakula kabisa?" akauliza. Nikasema kabisa. Akachukua tenga dogo, akaanza kupanga nyanya moja moja, nzuri tupu, zile anazowekea wateja wa magari madogo. "Mpelekee huyo mzee wako asiyeonekana," akasema. "Na usilitaje hilo jina. Ng'o."

Nilifika Uyole na tenga langu mchana wa mvua. Sijakaa vizuri chumbani, nikasikia sebuleni, "Amefika?" Mama akasema amefika. "Lete chakula." Kumbe tangu asubuhi anasubiri. Alikula, nikasikia anavyokula nyanya zile zimekatwakatwa na chumvi, halafu akasukuma sahani. Akasema, kwa Kiswahili, sauti juu kuliko siku zote, "Mama Ambakisye, mwambie mkamwana nimesikia yote. Mwambie kama tatizo ni picha, mimi nipo. Ng'ombe yupo. Nitamchinja, niite wazee watufungue mwiko, tukae naye kiti kimoja tupigwe picha, aende kwa mume wake." Nilijua mzee anavyompenda ng'ombe yule, na nilijua si habari ya ng'ombe. Alikuwa tayari kuvua heshima yake uwanjani, mbele ya wazee wenzake, ili kijana wa shati la bluu aridhike. Damu ikanichemka. Sikungoja mama aje jikoni, nilisema palepale chumbani, nimetazama ukuta, kwa mara ya kwanza sauti yangu ikapita juu moja kwa moja: "Mama, mwambie baba asichinje ng'ombe kwa ajili ya mtu wa ubalozini. Akichinja, sili hiyo nyama."

Nikadhani nimeharibu. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia mwaka mzima, mzee anacheka, kicheko cha kukohoakohoa, hakiishi. "Mama Ambakisye," akasema alipopata pumzi, "mwambie basi amlete mpiga picha. Tupigwe hivihivi tunavyoishi."

Mpiga picha nilimpata mtaa wa Mwanjelwa, bwana mmoja mwenye kamera ya studio na maringo. Alipofika akaanza kutupanga kama watu wa harusi. "Mzee, geuka huku. Dada, sogea kwa mzee, tabasamu." Nikamwambia wewe, hapa hasogei mtu. Baba mkwe alikuwa amewekewa kiti mbele ya nyumba, ametazama barabara. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko la nje, nimejifunika kitenge, nimetazama migomba, mgongo kwake, kona ya nyumba katikati yetu. Mama alikaa pale kwenye kona, akituona wote wawili. Mpiga picha alizunguka, akainama, akalalama kwamba ameshapiga marais na maaskofu lakini hajawahi kupiga ukuta, mwisho akapanda juu ya pipa la maji ndipo pande zote mbili zikaingia. Sijawahi kuitazama picha ile vizuri, upande wa kulia huwa naufunika kwa kiganja. Naijua kwa maelezo: mzee kifua mbele, mama katikati anatazama kamera kwa hasira kwa kuwa ameacha maharage jikoni, na mimi mgongo tu. Ambakisye nilipomwambia simuni, siku tulipoanza kusemezana tena, akauliza, "Yaani unawapelekea mgongo?" Nikamwambia ndio huo nilionao. Akasema polepole, "Peleka, mke wangu." Hapo nikajua bado nina mume.

Tulikata rufaa, nikaitwa tena. Kioo kilekile, afisa yuleyule, dada yuleyule na kucha rangi nyingine. Nikaisukuma picha chini ya kioo. Afisa akaitazama, akaigeuza, akauliza hii ni nini. Nikasema ni mimi na baba mkwe wangu. Akaeleza, kupitia kwa dada, kwamba haelewi, watu gani wanaishi nyumba moja mwaka mzima hawasemezani. Hapo ndipo nilipopata kile nilichokosa mara ya kwanza, nikakipata kwa hasira tu, wala si kwa akili. Nikamwambia yule dada, "Mwambie hivi, na leo usifupishe. Mwambie yeye na mimi tumekaa hapa mara mbili, na hajawahi kuniambia neno hata moja. Kila kitu anakwambia wewe, wewe unaniambia mimi. Lakini ananihoji, na ataamua maisha yangu, na anaona tumeongea. Mimi na baba mkwe wangu tunaongea hivyohivyo, kupitia kwa mama. Kama ndoa yangu ni ya uongo, basi na mahojiano haya ni ya uongo. Na jina silitaji."

Dada alinitazama. "Yote?" akauliza. Nikasema neno kwa neno. Alitafsiri, na safari hii alichukua muda mrefu. Afisa akawa mwekundu masikioni. Akaichukua tena ile picha, akaisogeza karibu na taa, na sikuulizwa swali jingine. Sisemi alibadilika moyo, moyo wake siujui. Huenda mkubwa wake ndiye aliyeamua, huenda walinichoka. Pasipoti ilirudi ina stika, basi. Wapo wanaosema nilikuwa na bahati, kwamba wenzangu wengi wangekwama hapo maisha. Inawezekana. Ila nilichowapa ubalozini ni mgongo wangu na ukweli, na ndivyo nilivyoingia nchi ile, na huko pia hawakunipata kirahisi.

Siku ya kuondoka Uyole, mabegi yako nje, nilisimama chumbani sijui naagaje. Ng'ambo ya ukuta kiti kikalia. "Mama Ambakisye," akasema, "mwambie akifika aseme amefika. Mimi sitakula." Nikamjibu kupitia kwa mama kwamba ni safari ya ndege mbili na usingizi katikati, atakufa njaa. Akasema shauri yake. Nilipofika nchi ile, kabla sijavua koti, kabla sijamkumbatia mume wangu vizuri, nilimnyang'anya simu. Nikampata mama, nikasema, "Mama, mwambie baba nimefika." Nikamsikia anageuka, anasema, na nyuma yake sauti ile: "Lete chakula." Miaka yote ikawa hivyo. Nikienda mji mwingine, nikitoka hospitali kujifungua Tupoki, nikirudi tu kutoka kazini wakati wa theluji mbaya, nampigia mama: mwambie baba nimefika.

Juzi, mawifi waliposhindwa kunivuta, mstari wa kuaga uliisha na mafundi wakaanza kusogea na kifuniko. Mama mkwe alikuwa amekalishwa kwenye kiti kichwani mwa jeneza, mdogo, amekunjamana, hajasema neno tangu asubuhi. Nilikwenda kinyumenyume. Watu walicheka, wacha wacheke. Nilikwenda kinyumenyume, kitenge usoni, Tupoki ananishika kiuno nisianguke, mpaka mgongo wangu ukagusa mbao. Mbele yangu migomba. Nikasema, "Mama, mwambie baba nimefika."

Nilidhani hakunisikia. Halafu nikasikia kiti kinalia, anainuka, anajishikiza, anainama. Mama huyu miaka yote alimjibu mumewe Kinyakyusa, hata mzee alipong'ang'ania Kiswahili kwa ajili yangu. Juzi alisema Kiswahili, kwa sauti, ili na mimi nisikie.

"Baba Ambakisye," akasema, "mkamwana wako amefika."